Kichwa cha Mama Mzazi

Msikilizaji, mwishoni mwa Desemba 2012 Hillary Clinton, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alilazwa hospitalini New York. Alikutwa na bonge la damu katika mshipa ulio kati ya ubongo na fuvu, nyuma ya sikio la kulia. Akapewa dawa za kuzuia damu kuganda, na siku chache baadaye akaruhusiwa. Magazeti yalijadili siasa zake, ugonjwa ukapita hivihivi.

Mimi nauleta leo kwa ajili ya mtu asiyeandikwa magazetini: mama aliyejifungua juzi, yuko ndani, arobaini haijaisha.

Kiharusi tunachokizoea ni kile cha presha, damu inapozuiwa kufika ubongoni au mshipa unapopasuka. Ugonjwa huu wa Clinton ni ndugu yake wa nadra. Damu inafika vizuri, ila vena za kuirudisha moyoni zimeziba. Ni kama mtaro uliojaa taka: maji yanakosa pa kwenda, yanarudi uani. Ubongo unavimba, na pengine vimishipa vinavuja. Wanawake huugua kuliko wanaume, takriban watatu kwa mmoja, na wengi wao bado vijana. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinachangia. Lakini wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo za kuogopa hasa, kwa kuwa mwili umejiandaa kuzuia damu isimwagike, hivyo inaganda upesi. Mama akiwa hanywi maji ya kutosha au ana maambukizi, hatari inaongezeka.

Kichwa kinamuuma, leo zaidi ya jana, akilala ndiyo kinazidi. Anatapika, macho yanaona ukungu, baadaye degedege. Nyumbani watasema ni usingizi wa kukatwakatwa na mtoto. Wapo watakaotafuta mganga wa mashetani. Zahanati itawaza kifafa cha mimba, na ni haki yake, kwani kifafa hicho huweza kutokea hata baada ya kujifungua. Ila presha ikiwa sawa na kichwa bado kinauma, uchunguzi usiishie hapo. Hata picha ya kawaida ya CT inaweza kuonekana safi. Inatakiwa ile ya kuchoma dawa inayoonyesha vena, au MRI.

Tiba yake inashangaza: heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata kama damu imeshavuja ubongoni. Mwaka 1991 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 tu. Kumi waliopewa heparini hakufa hata mmoja. Kati ya kumi wengine walikufa watatu.

Kliniki tunampima mtoto uzito, tunauliza kidonda cha mama, tunauliza maziwa. Muuguzi aulize na kichwa. Nawe unayempeleka hospitalini, hata kama ni saa nane usiku na daktari amechoka, sentensi yako ya kwanza iwe siku aliyojifungua.