SIKU MOJA KANDO YA RELI

Mazungumzo juu ya magari ya moshi ya mizigo na watu wayapigao picha



Gari la moshi la abiria lina wenyewe. Likikaribia stesheni watu huinuka, akina mama hukusanya vikapu vyao, watoto hukimbilia mbele wapate kuona. Gari la mizigo halina wa kulipokea. Saa zake hazibandikwi ukutani. Hupita usiku na mchana, refu kama kijiji, na mara nyingi anayelipungia mkono ni mchunga mbuzi tu. Walakini ngano, mbolea na vyuma vya kujengea vya watu wa bara vimekuwa vikipanda kutoka Mombasa kwa njia hiyo kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja.

Wapo watu walitazamao gari hilo kwa hiari yao. Katika Uingereza wamekuwa wengi tangu zamani. Mwaka 1942 vilianza kuchapishwa huko vitabu vidogo vyenye namba za injini, na vijana wakawa wakisimama stesheni wakizipigia mstari namba walizokwisha kuziona. Jirani asiyejua jambo hilo humdhania mtu huyo kuwa amepungukiwa na akili, kukaa juani kutwa nzima akingoja kitu kisichomhusu. Lakini kazi hiyo ina elimu yake, nayo itaelezwa hapa kwa kufuata siku moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2019, ambayo mzee mmoja na mjukuu wake waliitumia karibu na mji wa Voi.

Voi iko mwendo wa maili 100 hivi kutoka Mombasa. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, nayo yapita hapo. Reli mpya, ambayo ni pana zaidi, ilifunguliwa mwaka 2017, na magari ya mizigo yakaanza kupita juu yake mwanzoni mwa mwaka 2018. Nayo pia yapita hapo, juu ya tuta refu la udongo mwekundu, imezungushiwa ua pande zote mbili kwa sababu ya tembo na wanyama wengine wa Tsavo, ambao wametengenezewa njia zao chini ya reli. Basi mtu akikaa Voi aweza kuzitazama njia mbili kwa siku moja.

Mjukuu alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, yuko likizoni, na kamera alikuwa ameazimwa na mjomba wake ambaye hupiga picha za harusi. Mzee alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini mwaka 1970 akiwa mfuta injini, akapanda kuwa fayamani, yaani mwangalizi wa moto, kisha dereva wa injini za dizeli mpaka alipostaafu. Yeye ndiye aliyesema kwamba hawataondoka nyumbani kabla ya kuomba ruhusa. Wakaenda kwanza kwa wakubwa wa stesheni, wakaeleza haja yao, wakaambiwa wakae nje ya ua na wasikanyage reli. Mzee alikubali agizo hilo kwa furaha, kwa kuwa katika kazi yake alikwisha kuona watu walioifanya reli kuwa barabara ya kwendea sokoni. Gari lenye mzigo likienda kwa kasi haliwezi kusimama kwa sababu dereva amemwona mtu. Laweza kwenda mbali sana baada ya breki kufungwa. Na mwenye kamera yuko katika hatari kupita wengine, kwani jicho lake moja limefumba na la pili liko ndani ya kijidude.

Saa moja ya asubuhi wakawa wameketi upande wa mashariki wa reli mpya. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu. Reli kutoka Mombasa huelekea kaskazini magharibi. Kwa hiyo asubuhi jua hulipiga usoni gari linaloshuka kwenda pwani, na jioni hulipiga usoni gari linalopanda kwenda bara. Mpiga picha asiyejali jambo hili hurudi nyumbani na picha za kivuli cheusi chenye taa mbele. Saa za katikati hazifai kitu. Jua la Voi wakati wa adhuhuri liko utosini, magurudumu yote huwa gizani, na joto linalopanda kutoka kwenye kokoto hulifanya gari litetemeke kama liko ndani ya maji.

Gari la kwanza lilishuka kabla ya saa mbili. Mjukuu alihesabu mabehewa 54, yote yamebeba makontena. Mzee hakuhesabu; alifumba macho akasikiliza.

"Matupu," akasema.

"Babu amejuaje, naye hakutazama?"

"Behewa lililoshiba hunguruma, mjukuu wangu. Lenye njaa hupiga kelele."

Hakika debe tupu haliachi kuvuma. Na jambo hilo lina maana yake, kwani Kenya hununua ng'ambo vitu vingi kuliko inavyouza, na kwa hiyo kontena hupanda limejaa na mara nyingi hurudi bandarini halina kitu. Chai na kahawa hushuka, lakini hazitoshi kuyajaza yote. Mtu aketiye kando ya reli siku nzima huiona hesabu ya biashara ya nchi ikipita mbele yake, bila ya kufungua kitabu. Enzi za ujana wa mzee mabehewa yenyewe yalikuwa yakisema: haya ya pamba ya Uganda, haya ya shaba iliyotoka Kilembe na kuyeyushwa Jinja, haya ya katani. Magari marefu ya matangi yalipandisha petroli na mafuta ya taa, mpaka bomba la mafuta kutoka Mombasa mpaka Nairobi lilipofunguliwa mwaka 1978 likachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kontena halisemi kitu; mtama na televisheni huvaa kanzu moja.

Adhuhuri walikaa chini ya mgunga wakala chapati na maharagwe. Mjukuu akampa babu yake kamera atazame picha za asubuhi, naye akazitazama moja moja, polepole, kama mtu asomaye barua. Zilikuwa safi, zimenyooka. Katika moja palionekana tuta tupu na gari likija. Walakini mzee alikumbuka kwamba wafanyakazi wanne wa njia walikuwa wamesimama pale na vyombo vyao.

"Wale watu wako wapi?"

"Niliwangoja waondoke, Babu. Walikuwa wanaiharibu picha."

Mzee akanyamaza kwa muda. Kisha akaeleza habari ambayo kijana hakupata kuisikia.

Mwaka 1974 alikuwa fayamani katika injini za daraja la 59. Yafaa kusema machache juu ya injini hizo, kwa sababu watu walikuwa wakitoka Ulaya kuja kuzitazama. Zilikuwa 34, zimejengwa na Beyer Peacock katika mji wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda duniani kote. Uzito wake tani 252, urefu wake zaidi ya futi 104, magurudumu 28. Ziliweza kupandisha tani 1,200 kutoka usawa wa bahari pale Mombasa hata Nairobi, palipo juu zaidi ya futi 5,000. Umbo lake lilibuniwa na Mwingereza aliyeitwa Herbert William Garratt: boila, yaani chungu kikubwa cha kuchemshia maji, limelala katikati kama mgonjwa aliyebebwa machelani, na wachukuzi wake ni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ana magurudumu yake na nguvu zake. Kwa hiyo injini ndefu namna ile iliweza kupinda katika kona bila ya kutoka relini. Mbele yake na nyuma yake matangi ya maji. Moto wake ulikuwa wa mafuta mazito, wala si wa kuni wala makaa; kazi ya fayamani ilikuwa kuyapima mafuta na hewa kwa mkono na jicho, mwendo wa usiku kucha. Nyuma ya injini lilifungwa behewa la kulala, ili watu wa zamu ya pili wapumzike wakati wenzao wanaendesha.

Fayamani hodari alijulikana kwa moshi wake. Moshi mwembamba wa kijivu ulionyesha kwamba mafuta yanaungua vyema. Moshi mweusi ulikuwa aibu, kwa maana mali inapotea hewani. Mara kwa mara tu alitupa mchanga kidogo motoni ili uvutwe na kukwangua masizi katika mabomba, na hapo moshi mweusi ulitoka kwa kitambo. Sasa wale wageni wenye kamera waliupenda moshi huo mweusi kuliko vyote.

"Siku hiyo tumesimama tunangoja gari jingine lipite," akasema mzee. "Mgeni mmoja akaja, akatuomba tufanye moshi. Dereva akaniruhusu. Nilitupa mchanga, nikatoa kichwa dirishani ili nionekane. Yule bwana akanifanyia hivi kwa mkono: rudi ndani. Nikarudi. Akapiga picha yake, akashukuru sana, akatupa sigara. Hakuwa mtu mbaya."

Injini za mwisho za daraja hilo ziliachishwa kazi kufikia mwaka 1980. Mbili zimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya reli huko Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, na mzee alikwisha kwenda kuzitazama. Picha za injini hizo ni nyingi sana vitabuni. Yeye mwenyewe hana hata moja inayomwonyesha akiwa kazini.

Kijana hakujibu neno. Akaichukua kamera, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Jioni walihamia stesheni ya zamani. Njia ile haina shughuli kama za kwanza, na kwa muda wa saa mbili hawakuona ila mbuzi. Wengine hapo hukata tamaa wakaenda zao. Aitazamaye reli ya mizigo hana budi kujua kungoja bila ya kununa. Karibu na saa kumi na moja likaja gari fupi kutoka upande wa pwani, injini ya dizeli yenye rangi iliyochakaa na mabehewa kumi na tisa, nalo likasimama. Haya, mzee akasema bila kufumba macho, yamejaa. Springi zake zilikuwa zimelala.

Jua lilikuwa limeshuka na kuipaka injini usoni, kama ilivyokusudiwa. Mjukuu aliinua kamera, kisha akaishusha. Akasogea mpaka kwenye ua.

"Shikamoo, Bwana Dereva. Naomba kukupiga picha, wewe na mwenzako."

"Marahaba. Mimi? Ya nini?"

Mzee ndiye aliyejibu, kwa maneno ya kikazi ambayo kijana hakuyaelewa yote, akiuliza uzito wa gari na mahali walipopokea zamu. Dereva akacheka, akamwita msaidizi wake, wakashuka ngazi wakasimama mbele ya injini. Msaidizi alikuwa kijana. Alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni na kuificha mikono yenye mafuta mgongoni. Gadi naye akaja kutoka nyuma, akaingizwa. Ndipo dereva aliposema, "Mzee wetu, wewe ni mtu wa reli. Ingia ua, simama nasi hapa katikati."

"Siwezi," akasema mzee. "Mimi si wa gari hili."

Wakamsihi, akakataa kwa upole. Picha ikapigwa ya watu watatu. Nyuma yao behewa la kwanza lilionekana wazi na namba yake.

Usiku ule mzee alimwagiza mjukuu aandike daftarini kabla ya kulala: tarehe, saa, Voi, gari lapanda, mabehewa 19, namba ya injini, na majina ya watu watatu, kila mmoja na kazi yake. Kijana aliandika jina la dereva kwanza. Mzee akamuuliza kama jina la gadi ameliandika kwa herufi zake sahihi, naye akakiri kwamba hana hakika. Asubuhi yake akarudi stesheni kuuliza. Picha ilipooshwa zilitolewa nakala nne. Tatu zilitiwa katika bahasha na kuachwa kwa wakubwa wa stesheni, ya nne mzee akaiweka.