Uwanja wa Ndege Uliobomolewa Usiku



Mada ya leo ni mali ya pamoja na njia iliyo halali ya kuamua juu yake. Mfano wenyewe umetoka mbali, katika mji wa Chicago nchini Marekani, nao wahusu uwanja mdogo wa ndege ulioitwa Meigs Field. Mfano wa mbali una faida moja: haumgusi mjumbe ye yote aliyeketi hapa, na kwa hiyo kila mtu aweza kuupima bila upendeleo wala chuki.

Mwaka 1909 ulitolewa mpango wa kuujenga upya mji wa Chicago, uliotungwa na Daniel Burnham na mwenzake Edward Bennett. Mpango huo ulitaka ukingo wa Ziwa Michigan uwe mahali pa kupumzikia wananchi wote, na vitengenezwe visiwa vya bustani majini. Kati ya visiwa vilivyokusudiwa kilitengenezwa kimoja tu, kiitwacho Northerly Island, karibu sana na katikati ya mji. Mwaka 1933 na 1934 eneo hilo lilitumika kwa maonyesho makubwa ya dunia. Baadaye wakuu wa mji waliona kwamba mahali hapo pangefaa kwa ndege ndogo, na tarehe 10 Desemba 1948 uwanja ukafunguliwa. Ulipewa jina la Merrill C. Meigs, mchapishaji wa magazeti aliyeupigania sana usafiri wa anga.

Vifaa vya uwanja huo havikuwa vingi. Ulikuwa na njia moja tu ya kurukia ndege, yenye urefu wa mita 1,190 hivi na upana wa mita 46, ilhali njia za ndege kubwa za safari ndefu mara nyingi huzidi mita 3,000. Miisho ya njia hiyo iliandikwa namba 18 na 36, maana yake digrii 180 na 360 za dira, yaani kusini na kaskazini. Kando yake ilikuwako njia ya pembeni, ambayo ndege huifuata itokapo maegeshoni. Mnara wa kuongozea ndege ulijengwa mwaka 1952, na jengo la abiria likazinduliwa mwaka 1961. Kwa vifaa hivyo vichache, kufikia mwaka 1955 uwanja huo ulihesabiwa kuwa wenye shughuli nyingi kuliko viwanja vyote vya njia moja nchini Marekani. Wafanyabiashara waliutumia, maofisa wa jimbo la Illinois waliutumia kwa safari za kwenda na kurudi Springfield, makao makuu ya jimbo, na ndege zilizochukua wagonjwa zilitua hapo.

Yafaa ieleweke kuwa uwanja uliendeshwa na mji, lakini ardhi ilikuwa ya Mamlaka ya Bustani ya Chicago, na mji uliipangisha kwa mkataba. Mkataba huo ulipokwisha mwaka 1996, Meya Richard M. Daley aliufunga uwanja akitaka kuugeuza bustani. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: ukingo wa ziwa ulikusudiwa kuwa wa wote tangu mpango wa 1909, na wenye ndege ni wachache. Serikali ya jimbo iliingilia kati, na mwaka 1997 uwanja ukafunguliwa tena kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 2001 Meya na Gavana George Ryan walipatana kwamba uwanja ubaki hadi mwaka 2026, mapatano yaliyofungamana na upanuzi wa uwanja mkubwa wa O'Hare. Lakini mswada wa kuyatia mapatano hayo nguvu ya sheria ulikwama katika Bunge la Marekani mwaka 2002. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: ahadi ilibaki maneno matupu, wala hapakuwa na sheria ya kuilinda.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, karibu na saa sita, matingatinga yaliingia uwanjani kwa amri ya Meya na kuchimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Baraza la madiwani halikuulizwa, wala idara ya serikali kuu inayosimamia usafiri wa anga haikupewa taarifa. Kulipopambazuka, ndege 16 zilikuwa zimekwama maegeshoni. Siku zilizofuata ziliruhusiwa kuruka kwa kuitumia njia ya pembeni. Meya alieleza kwamba alihofia mashambulizi kutoka angani, kwa kuwa mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 yalikuwa bado mioyoni mwa watu.

Mji ulitozwa faini ya dola 33,000, ambayo ilikuwa upeo wa sheria: dola 1,100 kwa siku, kwa siku 30. Mwaka huo huo wa 2003 sheria ilibadilishwa, faini ya kufunga uwanja bila taarifa ya siku 30 ikapandishwa hadi dola 10,000 kwa siku. Mwaka 2006 mji ulikubali kulipa faini hiyo, na pia kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege zilizotumika isivyostahili. Uwanja haukufufuka. Leo mahali hapo ni bustani, na jengo la abiria la zamani linatumiwa na wageni wa bustani hiyo.

Huenda baadhi ya wajumbe watasema kwamba bustani ina manufaa kwa watu wengi zaidi, na kwa hiyo Meya alifanya vema. Huenda ni kweli. Lakini kama hoja ilikuwa njema, ilistahili kutolewa mchana, mbele ya wale iliowahusu, na kupigiwa kura. Mtu akikubali jambo zuri lifanywe usiku bila kuulizwa, atakuwa na neno gani siku litakapofanywa jambo baya kwa njia ile ile?

Kwa makatibu wa vyama yako mambo matatu ya kushika. Kwanza, kila mali ya chama, iwe ghala, mashine ya kukoboa, gari au kiwanja, ijulikane imesimama juu ya ardhi ya nani, na mkataba wake unakwisha lini. Tarehe hiyo iandikwe katika rejesta, isitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Pili, mapatano ya viongozi hayatoshi. Hayana budi kufikishwa mkutanoni, kupitishwa, na kuandikwa katika kitabu cha mihtasari. Tatu, kuuza, kubomoa au kubadili matumizi ya mali ya chama kutanguliwe na taarifa kwa wanachama, na siku za kutosha za kuitafakari.

Ghala likishavunjwa, faini haiwezi kulisimamisha tena. Kwa hiyo ulizo la mwanachama lije kabla ya nyundo, na katibu awe tayari kulijibu akiwa na kitabu mkononi.