Mwenzi wa Safari
(Hotuba ya Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Gachoka)



Kamati imeniagiza niseme maneno machache juu ya urafiki udumuo safarini. Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusimama mbele ya wakubwa wake. Basi nawaomba wazee wanistahimilie.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nyumbani ni vigumu kumpima mtu, kwa kuwa jirani wapo, ndugu wapo, na chakula ki karibu. Safarini mtu hubaki na mwenzake tu, na hapo ndipo hujulikana kama ni mwenzi kweli au ni mpita njia.

Jambo hili liliwahi kuonekana si mbali na hapa tulipoketi, upande wa mto Tana ambao watutenga na Ukambani. Kivui wa Mwenda alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na misafara yake ilipeleka pembe za ndovu hadi pwani. Mwaka 1849 alimkaribisha kwake Mjerumani Krapf, mmisionari wa Rabai, naye Krapf akauona mlima Kenya kutoka huko Kitui tarehe 3 Desemba. Mwaka 1851 wakasafiri pamoja kuelekea Tana. Mwezi wa Agosti, walipokuwa wamekaribia mto, wanyang'anyi wakawashambulia, na Kivui akauawa. Krapf akaponea porini peke yake. Alipoufikia mto alitia maji katika mitutu ya bunduki yake apate kunywa njiani. Lakini aliporudi kwa jamaa za Kivui walimshtaki, wakisema hakumlinda mwenzake, na ilimbidi atoroke usiku.

Mimi simhukumu Krapf, kwani mtu mmoja hawezi kushindana na kundi. Ila tuelewe fikira za wazee wale. Kwao, mtu aliyeondoka na mwenzake alikuwa na deni la kumrudisha, au la kujibu kwa nini hakumrudisha.

Tazameni sasa watu wawili waliolipa deni la namna hiyo. Abdullah Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi. James Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Mwaka 1866 walitoka Unguja pamoja na Daktari Livingstone kwenda bara. Katika safari hiyo wapagazi wengi walimkimbia, lakini hawa wawili walikuwa bado naye alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wangeweza kumzika huko wakaenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauchukua mabegani kwa muda wa miezi tisa hivi, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500. Walipofika Unyanyembe, maofisa Waingereza waliwashauri wauzike pale, wakakataa. Palipokuwa na watu waliochelea maiti kupita katika nchi yao, waliufunga kama mzigo wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Mwili ulizikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huo. Susi na Chuma hawakuwapo kaburini. Walikuwa wamekwisha kulipwa ujira wao na kuachwa pwani. Baadaye rafiki mmoja wa marehemu ndiye aliyewagharimia wakaenda Uingereza. Deni lao walilipa bila kuchelewa. Walilodai wao lilichelewa.

Wanachama wenzangu, hapa sharti niseme lililonileta. Mtakumbuka mwenzetu aliyefariki Mombasa. Alikuwa ametoka hapa Gachoka na mwenzake mmoja, wa rika lake, miaka ishirini nyuma. Wakapanga chumba kimoja, na kila mmoja alimwuguza mwenziwe kwa zamu. Siku ya msiba yule aliyebaki alitupigia simu akaomba gari la kumleta marehemu nyumbani. Tulikutana, tukasoma vitabu vya hesabu, tukaona ada za wengi hazijalipwa. Tukaandika barua ya rambirambi isemayo, tu pamoja nawe. Barua hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Siku kumi na moja mtu yule alishinda mlangoni pa chumba cha maiti. Siku ya kumi na mbili aliuza cherehani yake, ambayo ndiyo iliyomlisha, akakodi gari, akaketi kando ya jeneza usiku kucha mpaka Gachoka. Tulimlaki kwa nyimbo. Hata leo hajatudai senti, wala sisi hatujamwuliza.

Siku hizi simu huleta habari kwa dakika moja, lakini simu haimbebi mtu. Hubebwa na mwenzake, na chama kama hiki kilianzishwa ili mwenzake huyo asibebe peke yake. Tusipolipa ada, tunamwachia mzigo wote.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu. La kwanza, fedha ya cherehani ile irudishwe kabla hatujapitisha matumizi mengine yoyote. La pili, fungu la misiba ya safarini liwekwe mbali, lisiguswe kwa shughuli nyingine. Ada yangu ya mwaka jana nami nilikuwa sijailipa. Nimeilipa asubuhi hii kwa Mweka Hazina, na stakabadhi hii hapa.