Akina Mama Waingie Barazani

(Hotuba ya Katibu Mwenezi kwa wanachama wa Shinyanga na Geita)



Tunawashukuru kwa kuja kwa wingi, hasa akina mama mlioacha palizi na mlioacha mawe yenu kwenye makarasha ili mje mtusikilize. Tumeombwa kusema juu ya uongozi wa wanawake katika siasa na faida yake katika maendeleo ya dunia. Jambo hili ni kubwa, na mtu akilisikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni mazungumzo ya wakubwa walioko Dodoma au New York. Sivyo, ndugu zetu. Maendeleo ya dunia hayakai hewani. Yamo kisimani, shambani, shuleni na zahanati, na yamo katika fedha itokayo chini ya ardhi ya Geita na Kahama. Basi sisi tutalisema jambo hili kwa jinsi lilivyo hapa kwetu.

Neno letu ni moja. Sheria za nchi yetu zimekwisha kuwawekea akina mama viti katika mabaraza ya vijiji. Viti hivyo vikaliwe na akina mama wenye kusema na kusikilizwa, kwa kuwa hapo ndipo ardhi yetu na mali yetu hugawanywa.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata likaundwa tawi la akina mama, na kiongozi wake akawa Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Bibi huyu hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Alikuwa mwimbaji katika ngoma za akina mama, akijulikana mitaani, na alijua kusema na watu. Vyama vya ngoma vilikuwa na wakubwa wao, fedha zao na utaratibu wao, na kwa njia hiyo maelfu ya wanawake waliingia katika TANU kwa muda mfupi. Wakati huo wanaume wengi walioajiriwa na Serikali ya kikoloni walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama cha siasa. Akina mama wasioajiriwa na mtu ndio waliouza kadi, wakatoa fedha na kueneza habari.

Huku kwetu Usukumani mambo yalikuwa magumu zaidi. Wakoloni waliikataza TANU kufungua matawi tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Katika mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mseto walilolazimishwa, wakaandamana kwa maelfu hadi Mwanza, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Lakini hawakunyamaza, na mpango ule wa mseto haukudumu. Watu wa Geita walijua tangu zamani kwamba mwenye kukaa barazani ndiye mwenye kukata shauri.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, akina mama walikuwa na haki ya kutazamia fungu lao. Bibi Lucy Lameck wa Moshi aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960, na mwaka 1962 akawa waziri mdogo. Mwaka huo huo ukaanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake. Hata hivyo nchi ilingoja mpaka mwaka 1975 ndipo wanawake wawili, Bibi Tabitha Siwale na Bibi Julie Manning, walipokuwa mawaziri kamili. Ilipita miaka 14 tangu Uhuru. Jambo hili latufundisha kwamba kusaidia kuleta uhuru ni kitu kimoja, na kupewa fungu la madaraka ni kitu kingine.

Sasa tutazame duniani. Umoja wa Mataifa uliitisha mikutano mikubwa ya wanawake huko Mexico mwaka 1975, Copenhagen mwaka 1980, Nairobi mwaka 1985 na Beijing mwaka 1995. Mkutano wa Beijing ulihudhuriwa na wajumbe wa serikali 189. Na Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa nani? Alikuwa Bibi Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hili hili. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunafurahi kukumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu wa walimu, akifundisha katika chuo cha Chang'ombe. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Basi mtu asituambie kwamba uongozi wa mwanamke ni kitu cha kigeni kilicholetwa kwa ndege. Kutoka kandoni mwa Nyanza alitoka mama aliyeshika usukani wa mkutano wa dunia nzima.

Huko Beijing yalikubaliwa mambo 12 ya kufanyiwa kazi na kila serikali. Mojawapo lilikuwa wanawake katika madaraka na maamuzi, na jingine lilikuwa mtoto wa kike. Mambo haya mawili hayaachani. Mahali ambapo mama hana sauti, binti yake huozwa mapema, na binti aliyeozwa mapema hawi kiongozi.

Ndugu zetu, hapa hatuna budi kuambizana ukweli. Uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2010, yaani miaka 15 baada ya Beijing, ulionyesha kwamba mkoa wa Shinyanga uliongoza nchi yote kwa ndoa za watoto. Katika kila wanawake vijana 100, wapatao 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa mmoja wa ziwa ulitoa mama wa kuongoza dunia, na mkoa jirani ukawa wa kwanza kwa kuwatoa mabinti shule kwa ajili ya ng'ombe wa mahari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Aliyekwenda mahakamani kuipinga alikuwa mwanamke kijana, Bibi Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Wakubwa wengi walikuwa wameiona sheria ile kwa zaidi ya miaka 40. Aliyeishika mkononi na kuipeleka mbele ya majaji ni yeye.

Liko na jambo jingine ambalo ni aibu kulitaja, lakini kulinyamazia ni aibu kubwa zaidi. Katika mikoa yetu bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho yao mekundu yakafanywa ushahidi. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, katika kuwapikia watoto na wajukuu miaka yote. Na mara nyingi nyuma ya uchawi unaosemwa liko shamba linalotamaniwa. Tunawauliza: mjane anaponyang'anywa shamba, analalamika wapi? Analalamika kwenye baraza la kijiji. Je, anapofika huko anamkuta nani?

Sheria imejibu vizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Yasema pia kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Katika Halmashauri ya Kijiji, robo ya wajumbe au zaidi lazima wawe wanawake. Lakini kiti kilichoandikwa katika sheria hakisemi chenyewe. Mkiwateua wajumbe watatu ambao kazi yao ni kutia sahihi na kupika chai ya kikao, mmeitimiza hesabu na kuiua sheria.

Tena tutazame kiti cha mbele. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wenyeviti wa vijiji waliokuwa wanawake walikuwa kama 2 tu katika kila 100. Bungeni, baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, wanawake walikuwa zaidi ya theluthi ya wabunge wote, lakini walio wengi waliingia kwa viti maalum. Waliochaguliwa na wananchi katika majimbo 264 hawakufika 30. Tarehe 19 Machi 2021 Bibi Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho katika nchi yetu. Kwa hiyo nyumba yetu ilipata paa na bado ina upungufu wa kuta. Juu mwanamke alifika, na chini, kijijini, karibu hayupo.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Katika machimbo madogo mengi mwanamke huambiwa asisogee kwenye mdomo wa duara, ati dhahabu itakimbia. Lakini jiwe likisha kutoka, ni nani aliyeketi juani akiliponda? Ni nani anayeosha, na ni nani anayeshika zebaki kwa mkono mtupu, pengine na mtoto mgongoni? Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na hudhuru mtoto tumboni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kumfikia mama wa mwaloni kama katika kikao cha mgao na cha usalama wa machimbo hakuna anayemsemea. Wako wanawake waliokwisha kuona hivyo. Mwaka 1997 wachimbaji wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAWOMA, ili nao wawe na leseni na sauti.

Kwenye migodi mikubwa habari ni ile ile, ila hesabu ni kubwa zaidi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Wa Buzwagi ulianza mwaka 2009 na ukaacha uzalishaji mwaka 2021, maana dhahabu ni mali inayokwisha. Mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake. Tena, kwa mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mpango wa mgodi wa kuwasaidia wananchi lazima ukubaliwe na halmashauri. Maana yake ni kwamba madiwani wetu ndio wanaoamua kama fedha hiyo itakuwa kisima, wodi ya wazazi, bweni la wasichana, au jengo la fahari. Na katika mapato yake ya ndani, halmashauri imewekewa na sheria ya mwaka 2018 kutenga asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Asiyekuwamo katika kikao hupata habari ya fedha hizi zikiwa zimekwisha kugawanywa.

Wapo watakaouliza: mwanamke akiingia barazani, kwani kutabadilika nini? Tuwajibu kwa mfano wa India. Nchi ile ilibadili Katiba yake mwaka 1992, ikaweka theluthi ya viti na ya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Wataalamu walikwenda kuchunguza katika jimbo la West Bengal, wakaona kwamba vijiji vilivyoongozwa na wanawake vilitumia fedha zaidi kwa maji ya kunywa. Si ajabu. Anayebeba ndoo ndiye anayejua umbali wa kisima. Na hapa kwetu Shinyanga, mkoa uliokuwa ukigeuka jangwa, mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili zaidi ya hekta 300,000, na safari ya kuni ya akina mama ikafupika. Lakini katika maamuzi ya ngitili, na katika dagashida, sauti za wanaume ndizo zilizosikika zaidi. Aliyenufaika hakuwa mwamuzi. Siku wanaume wakiamua vingine, naye atarudi kutembea.

Wazee wetu watasema, hii siyo mila. Tunawaheshimu, na tunawakumbusha kwa adabu. Waha wa Heru waliongozwa na Mwami Theresa Ntare, na baada ya mtemi Isike kufa mwaka 1893 Unyanyembe ilipata mtemi mwanamke, Nyaso. Mila zetu zina milango mingi. Tusifungue ule unaotufaa sisi wanaume peke yake.

Basi, ndugu wanachama, tunawapeni kazi nne. Kwanza, kila tawi lipeleke mtu kuhesabu wajumbe wanawake katika Halmashauri ya Kijiji na Baraza la Ardhi. Wakipungua idadi ya sheria, mdai kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Pili, mkutano uitishwe saa ambayo mama anaweza kufika. Mkutano wa saa ya kuteka maji ni mkutano wa wanaume. Tatu, tusingoje viti maalum tu. Tuwasimamishe wanawake wagombee uenyekiti wa kijiji na udiwani wa kata, tukawaombee kura hadharani, na atakayewatukana kwa ajili ya uanawake wao asipewe jukwaa letu. Nne, sisi tuliosoma ualimu tuwafundishe akina mama kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, maana mjumbe asiyeweza kusoma hesabu hupigishwa kura gizani.

Akina mama, msiingoje ruhusa ambayo sheria imekwisha kuwapa. Akina baba, mnaotaka binti zenu wawe kama yule mama wa Ukerewe, anzeni kwa kuwaacha shule na kuwapisha kiti barazani. Waswahili wamesema kidole kimoja hakivunji chawa.