Risala ya Akina Mama Wafinyanzi katika Sherehe ya Miaka Kumi



Sisi ni wafinyanzi wa Ikombe, huku Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Tumeombwa tuseme kidogo kuhusu kazi yetu na faida tuliyoipata kikundini.

Kwetu Wakisi ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na shule yake ni uani kwa mama. Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, mashamba ni haba. Kwa hiyo bibi zetu walikula kwa chungu: walipakia mitumbwi wakaenda kwa Wanyakyusa, wakabadilishana vyungu na nafaka.

Kazi yenyewe si lelemama. Udongo uchimbwe, ubebwe, uloweshwe, utwangwe, uchambuliwe vijiwe. Chungu kikishafinyangwa kikwanguliwe mpaka kiwe chembamba, kikauke kivulini, kipakwe rangi, ndipo kichomwe. Unyevu ukibaki hata kidogo, kinapasuka motoni. Masika kazi karibu inasimama.

Shida yetu kubwa ilikuwa bei. Jumamosi tukishusha vyungu gulioni Matema, mnunuzi wa jumla alijua kabisa kwamba hatutaki kurudi navyo na nyumbani hakuna unga. Alingoja jioni, akataja bei yake, basi. Leo mwenye akiba kikundini anaweza kumwambia, "Baba, kwa bei hiyo siuzi," akaviacha kwa mwanachama wa hapo mpaka gulio lijalo. Faida hiyo haimo kwenye kitabu cha hisa, ila sisi tunaijua.

Matatizo yapo. Sufuria na ndoo za plastiki zimetupunguzia wateja, na mabinti zetu wanaona udongo ni uchafu tu. Hatuwalaumu. Wameona mama zao wakichoka na mkono mtupu.

Ombi letu: sehemu ya faida ya mwaka huu itengwe kujenga banda la kukaushia vyungu wakati wa masika. Nasi tunaahidi kila mfinyanzi atamfundisha binti mmoja, awe wake au wa jirani. Akiona kazi inalipa, atakaa. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.