Msamaria Aliahidi Kurudi

Dominika ya 15 ya Mwaka C. Injili: Lk 10:25-37



Habari ya Msamaria mwema tumeisikia tangu utotoni, na pengine kwa sababu hiyo twaisikia nusu tu. Twakumbuka kwamba kuhani alipita, Mlawi naye akapita, na mgeni asiyetazamiwa akasimama. Hapo wengi wetu hufunga kitabu. Lakini Mwinjili Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mganga, anatueleza mambo matatu aliyoyafanya mtu yule. Kwanza, alifunga majeraha pale pale njiani. Pili, alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, akamkabidhi mwenye nyumba kazi ya kumwuguza. Tatu, aliahidi kwamba atakaporudi atalipa gharama yote iliyobaki. Tuyatazame hayo matatu katika kisa kilichotokea katika nchi zetu hizi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana hapa Afrika Mashariki kwa miaka minne. Nchi yetu ya Ungoni haikusalimika. Jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji Novemba 1917, likarudi mwishoni mwa Septemba 1918 na kupita katika wilaya ya Songea. Kwa kuwa barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua wanyama, mizigo ya vita ilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi hao walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa shuruti. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Walio wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, kwa kula unga usioiva na kulala mvuani bila blanketi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi karibu 100,000 walipoteza maisha.

Katika mateso hayo alikuwapo daktari wa jeshi aliyetoka Uganda, jina lake G. J. Keane. Hospitali za wapagazi zilifurika, na madaktari walikuwa wachache mno. Ndipo kikaundwa kikosi cha tiba cha Waafrika. Vijana waliosoma katika shule za misheni za Uganda wakafundishwa kuwauguza wenzao. Keane alikuwa pamoja nao, na mmoja wa maofisa wa kikosi hicho alikuwa Douglas Tomblings. Hao walisimama njiani na kufunga majeraha. Hiyo ni hatua ya kwanza ya huruma.

Vita ilipokwisha, ingekuwa rahisi kuwashukuru vijana wale na kuwarudisha kwao. Haikuwa hivyo. Kazi yao ilikuwa imeonyesha wazi kwamba Mwafrika aliyefundishwa anaweza kukabidhiwa uhai wa mgonjwa, na ushahidi huo ukasaidia kuanzisha mafunzo ya tiba huko Mulago, Kampala, mapema katika miaka ya 1920. Tomblings naye akawa mkuu wa Makerere. Kabla ya shule ya udaktari kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ni Makerere walikosomea udaktari Watanganyika wengi. Tazameni, ndugu zangu, dinari mbili za Msamaria zilivyozaa! Daktari anayetibu peke yake huwaacha wagonjwa yatima siku anapokufa, lakini anayemfundisha mwingine ameiachia huruma yake mikono mingine ya kufanya kazi.

Iko hatua ya tatu, na hapo ndipo tunapojikwaa. Je, nani alirudi kulipa? Wengi wa wapagazi waliokufa, ujira wao haukuwafikia ndugu zao. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilipata sanamu ya Askari, na jina la Kariakoo linatokana na kikosi kile cha wapagazi. Sanamu imesimama, soko limechangamka, na deni likabaki deni. Mmoja aliyekataa kusahau ni Frank Weston, Askofu Mwanglikana wa Zanzibar. Mwaka 1916 alitembea na wapagazi wa Zanzibar kama kiongozi wao, na mwaka 1920 akaandika kijitabu kuikemea serikali ya nchi yake kwa kuwatumikisha Waafrika kwa shuruti. Aliyeujua uzito wa mzigo hakuweza kunyamaza.

Wapendwa, tusiwahukumu Waingereza tu. Mwaka 1978 na 1979 vijana wetu walikwenda vita vya Kagera. Waliorudi leo ni wazee, na wengine wametangulia na kuacha wajane. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tutasikia wakisifiwa. Ni vema, lakini shada la maua halijazi sufuria. Mzee asiyelala usiku, anayeshtuka mlango unapogongwa, sisi jirani zake twamwita mkali au mlevi, wala hatumwulizi aliona nini. Mjane anayehangaika na karatasi za mirathi twamwonea huruma, kisha twakwenda zetu. Huko nako ni kupita kando.

Kwa hiyo nawaomba wanajumuiya, hapa Mshangano na popote mnaponisikia: ulizeni katika jumuiya yenu ndogo ndogo yupi alibeba silaha au mzigo kwa ajili yetu. Mtembeleeni, mkae, mmsikilize. Ajuaye kusoma na kuandika amsindikize ofisini afuatilie haki yake, na asipojibiwa mara ya kwanza arudi naye mara ya pili na ya tatu. Neno kubwa la Msamaria ni hilo la kurudi.

Mababa wa Kanisa walimwona Kristu mwenyewe katika Msamaria huyo, na katika nyumba ya wageni waliliona Kanisa. Basi sisi ndio tuliopewa dinari mbili na kukabidhiwa majeruhi. Mwenyewe atarudi. Hatatuuliza tulijenga sanamu ngapi. Atauliza, yule niliyewaachia anaendeleaje? Heri yetu siku hiyo tukiweza kumfungulia mlango na kumwonyesha mgonjwa wake, akiwa hai na ameshiba.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.