Ukinunua Mkataba, Muulize Mwenye Ardhi

Hotuba kwa wananchi wa Kasese na Bwera



Leo tunazungumza juu ya biashara moja inayozaa ugomvi: kuuza mkataba wa kununua ardhi kabla bei haijalipwa yote.

Tuchukue mfano. Mzee wa Bwera anauza kiwanja kwa shilingi milioni 20. Kijana wa Kasese mjini analipa milioni 8, anaahidi kumaliza baada ya miezi sita, na wote wanatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1. Haujapita mwezi wa pili, kijana anampata mteja, anamkabidhi karatasi ile, anapokea milioni 25 na kutoweka. Mteja anafika na mafundi na matofali. Mzee anatoka na panga mkononi: “Mimi sijalipwa!” Hapo ndipo sisi polisi tunapoitwa, hasira ikiwa imekwisha kututangulia.

Ndugu wananchi, kumhamishia mwingine haki za mkataba si kosa, ikiwa mkataba wenyewe haukukataza. Lakini hakuna awezaye kuhamisha zaidi ya alicho nacho. Kijana yule hakuwa na kiwanja; alikuwa na ahadi ya kukipata akimaliza kulipa. Tena, haki inaweza kuhama, lakini deni halihami bila ridhaa ya anayedai. Kwa hiyo mteja ametoa milioni 25, na mzee bado anadai milioni 12. Wote wawili wameumia, na aliyewaumiza hayupo.

Dawa yake ni nyepesi: kaeni watatu mezani. Mwenye ardhi, mnunuzi wa kwanza na mnunuzi mpya waandike kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na nani atakilipa, kisha wote watie sahihi. Dalali akikuzuia usionane na mwenye ardhi, funga mkoba wako urudi nyumbani.

Msisahau na haya. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa, na aliyemwandikia aweke jina lake kamili na anwani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inadai idhini ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ya familia. Mama asiposhirikishwa leo, kesho atakuwa mlalamikaji. Ardhi yenye hati miliki ikaguliwe katika ofisi ya ardhi. Ile ya kimila, ambayo ni nyingi huku kwetu, ulizeni ukoo, majirani wa mipakani na kamati ya ardhi. Muhuri wa LC1 ni ushahidi kwamba mliuziana. Si hati miliki.

Nanyi jirani zetu wa Kongo, asiye raia wa Uganda huruhusiwa kupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki moja kwa moja. Anayewauzia karatasi ya milki ya kudumu anawauzia hasara.

Sisi polisi hatuamui ardhi ni ya nani. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini ajipatiaye fedha kwa udanganyifu tutampeleleza, na mahakama ikimtia hatiani aweza kufungwa hadi miaka mitano. Hata hivyo, kifungo chake hakitakurudishia ada za watoto ulizokwisha kumpa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye shaka na aje kituoni kabla ya kutoa fedha. Afisa wa uhusiano na jamii atamsikiliza, na huduma hiyo hailipiwi.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.